Miezi mitatu Ireland kumsaka bibi: Somo kwa mzazi ambaye wazee wake bado wapo

Fomu ya sensa ya Ireland ya mwaka 1911 ina safu mbili nyembamba zilizowahusu wanawake walioolewa. Ya kwanza iliuliza ni watoto wangapi wamezaliwa wakiwa hai katika ndoa hiyo. Ya pili iliuliza wangapi bado wako hai.

Majibu ni tarakimu tu. Kaya moja inaweza kuonyesha tisa, kisha sita. Majina ya wale watatu hayapo, wala tarehe, wala ugonjwa uliowachukua. Lakini kitukuu anayeisoma fomu hiyo leo, akiwa ametoka Boston, Toronto au Sydney, anaweza kukwama hapo kwa muda mrefu. Bibi aliyesimuliwa nyumbani kama mwanamke mkali asiyecheka, kumbe alikuwa mama aliyezika watoto watatu, na hakuna aliyewahi kulitaja hilo.

Ni kwa ajili ya mambo kama hayo watu wenye asili ya Ireland huomba likizo ndefu, hupanga chumba Dublin au kijijini, na kukaa wiki hadi miezi wakipekua madaftari ya zamani. Wengine wanatafuta uraia, kwa kuwa sheria ya Ireland inamruhusu mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa katika kisiwa hicho kuomba kusajiliwa kuwa raia. Wengine wanatafuta chanzo cha ugonjwa unaojirudia katika familia. Wengi wanataka tu kujua walitoka kwa nani.

Kwa mzazi wa Afrika Mashariki, safari zao zina jambo moja la kujifunza. Mengi ya wanayohangaika kuyapata kwa miezi yangeweza kupatikana jioni moja, kama kuna mtu angemuuliza bibi akiwa bado anaongea.

Njaa iliyotawanya familia

Mwaka 1845 ugonjwa wa mimea ulishambulia viazi nchini Ireland, zao ambalo maskini wengi walilitegemea kwa mlo wa kila siku. Njaa iliyofuata ilidumu hadi takriban mwaka 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa yaliyoambatana nayo, na zaidi ya milioni moja wengine walipanda meli na kuondoka.

Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu zaidi ya watu milioni nane katika kisiwa kizima. Leo, ukijumlisha Jamhuri ya Ireland na Ireland Kaskazini, wapo takriban milioni saba. Ni zaidi ya miaka 180 imepita na idadi ile haijarudi.

Walioondoka walienda Marekani, Canada, Uingereza na Australia. Wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Watoto wao waliozaliwa ugenini waliambiwa jambo moja tu: "Sisi ni watu wa Cork," au "Sisi ni wa Mayo." Hiyo ni sawa na mtu kuambiwa kwao ni Mkoa wa Kagera, basi. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, na bila jina la kitongoji ni vigumu sana kujua ni Patrick Murphy yupi kati ya makumi ya akina Patrick Murphy aliyekuwa babu yako.

Moto wa mwaka 1922

Ugumu wa pili ni moto. Juni 30, 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mlipuko na moto viliteketeza ofisi ya kumbukumbu za umma iliyokuwa katika majengo ya Four Courts jijini Dublin. Karibu sensa zote za mwaka 1821 hadi 1851 ziliungua, pamoja na wosia na takriban nusu ya madaftari ya parokia za Kanisa la Anglikana la Ireland.

Sensa za mwaka 1861 na 1871 zilikuwa zimeshaharibiwa kwa amri ya serikali miaka mingi kabla ya moto huo. Za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ndiyo maana sensa kamili ya kwanza anayoweza kuisoma mtafiti wa leo ni ya mwaka 1901, ikifuatiwa na ile ya 1911.

Kilichonusurika kinasaidia sana. Madaftari ya ubatizo na ndoa ya Kanisa Katoliki yalikuwa yakitunzwa parokiani, hivyo moto haukuyafikia. Mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ireland iliweka picha za madaftari hayo kwenye intaneti, na kuzisoma ni bure. Mwaka 2022, miaka 100 baada ya moto, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Trinity Dublin walizindua hazina ya kidijitali inayokusanya nakala za nyaraka zilizopotea, kutoka popote zilipopatikana.

Kipande kingine kiliokolewa na wazee wenyewe bila kujua. Sheria ya mwaka 1908 ilianzisha pensheni kwa waliofikisha miaka 70, na malipo yakaanza Januari 1909. Shida ilikuwa vyeti. Usajili wa vizazi na vifo kwa watu wote ulianza Ireland mwaka 1864, kwa hiyo mzee wa miaka 70 hakuwa na karatasi. Makarani walilazimika kumtafuta katika sensa za 1841 na 1851, zilizokuwa bado hazijaungua, na kuandika walichokiona. Fomu hizo za upekuzi zipo hadi leo, na kwa baadhi ya familia ndizo kumbukumbu pekee zilizobaki za kaya yao katika sensa hizo.

Wazee wengine walithibitisha umri kwa kumbukumbu. Usiku wa Januari 6, 1839 kimbunga kikali kiliikumba Ireland, na watu wakauita Usiku wa Upepo Mkubwa. Mzee aliyesema anaukumbuka usiku ule alikuwa akijieleza kwamba umri wake umetimia. Msomaji aliyekua na bibi anayehesabu umri wake kwa mwaka wa njaa, wa nzige au wa uhuru hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Siku 90 zinavyokwenda

Chukulia mama wa watoto wawili anayeishi Boston, raia wa Marekani. Anaruhusiwa kukaa Ireland hadi siku 90 bila viza. Siku hizo zinaonekana nyingi akiwa uwanja wa ndege. Hazichelewi kuisha.

Kazi ya kwanza huanza nyumbani kwake kabla ya safari, kwa sababu jina la kitongoji mara nyingi limejificha upande wa pili wa bahari: kwenye cheti cha ndoa cha Marekani, kwenye jiwe la kaburi, kwenye barua au nyuma ya picha. Anayepanda ndege bila kumaliza hatua hii huishia kutumia muda mwingi wa safari kutafuta kitu alichokiacha kabatini kwa shangazi yake.

Akifika, wiki za mwanzo ni za Dublin: Maktaba ya Taifa iliyopo Mtaa wa Kildare na Nyaraka za Taifa zilizopo Mtaa wa Bishop. Hapo anajifunza kusoma upya. Mapadre wengi waliandika majina kwa Kilatini, hivyo James ni Jacobus na William ni Gulielmus. Anajifunza pia desturi ya majina iliyofuatwa na familia nyingi: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana nao hupewa majina ya mabibi, kwa kuanza na bibi mzaa mama. Msomaji Mkikuyu ataona desturi inayofanana sana na ya kwao. Kwa mtafiti, mpangilio huo ni ushahidi: majina ya wajukuu humwonyesha majina ya kuwatafuta kizazi kilichotangulia.

Lakini una mtego. Mtoto alipofariki, mara nyingi anayefuata alipewa jina lilelile. Mtu anaweza kufurahi kupata ubatizo wa bibi yake, kumbe ni wa dada yake aliyetangulia na kufa akiwa mchanga.

Hapo ndipo tarakimu za mwaka 1911 zinapoanza kupata majina. Mama huyu anachukua majina ya wazazi na kitongoji, anaingia kwenye kumbukumbu za vizazi na vifo, na kuwatafuta wale watatu. Kumbukumbu za vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita miaka 75 na vifo vilivyopita miaka 50 zinasomeka bure mtandaoni. Kumbukumbu ya kifo ina umri, sababu ya kifo na jina la aliyekwenda kutoa taarifa, ambaye kwa mtoto mara nyingi ni mzazi. Mzazi asiyejua kuandika aliweka alama ya X.

Sababu za vifo vya watoto katika madaftari hayo ni zilezile zinazojulikana katika kliniki za Afrika Mashariki: surua, kifaduro, kifua kikuu, kuhara, degedege. Kwingine imeandikwa kwamba hakuna daktari aliyemhudumia mgonjwa. Surua na kifaduro leo vinazuiwa kwa chanjo ambayo mtoto huipata kliniki kabla hajajua kuongea sawasawa. Mama anayesoma ukurasa huo akiwa na watoto wazima nyumbani huelewa kwa nini bibi alikuwa hacheki.

Sehemu ya mwisho ya safari ni kijijini. Kuna orodha ya ukadiriaji wa ardhi na nyumba iliyochapishwa kati ya mwaka 1847 na 1864, inayoitwa Griffith's Valuation. Inataja jina la aliyeshikilia kila kipande cha ardhi na inaendana na ramani, hivyo mtu anaweza kwenda kusimama mahali nyumba ilipokuwa. Pengine atakuta kuta za mawe bila paa. Pengine atakuta jirani mwenye miaka 85 anayejua kila kitu, na meza ya jikoni yenye chai.

Jina moja, watu wawili

Haraka huleta makosa, na kosa maarufu zaidi lilihusu msichana wa Cork, Annie Moore. Januari 1, 1892 alikuwa mhamiaji wa kwanza kupokelewa katika kituo kipya cha Ellis Island, New York, akiwa na wadogo zake wawili wa kiume. Wazazi wao walikuwa wametangulia. Leo ana sanamu Ellis Island na nyingine katika bandari ya Cobh alikopandia meli.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba Annie huyo alihamia Texas, na ukoo wa huko ulimtambua kama bibi yao. Mwaka 2006 mtaalamu wa nasaba Megan Smolenyak alionyesha kwamba yule wa Texas alikuwa mwanamke mwingine mwenye jina hilohilo, aliyezaliwa Marekani. Annie wa Cork hakutoka New York. Aliishi katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, akazaa watoto wengi na kuwazika baadhi yao wakiwa wadogo, na akafariki mwaka 1924. Jina kufanana hakutoshi. Kila jina lazima lishikiliwe na jingine: mume, mahali, msimamizi wa ubatizo, jirani.

Kinachorithiwa si jina tu

Kuna ugonjwa uitwao hemokromatosi. Mwenye nao hufyonza madini ya chuma kupita kiasi kutoka kwenye chakula cha kawaida, na chuma hicho hujikusanya taratibu kwenye ini, kongosho, moyo na viungo. Matokeo yake yanaweza kuwa uchovu usioisha, maumivu ya viungo, kisukari, ugonjwa wa ini au wa moyo. Dalili nyingi hujitokeza ukubwani, na kwa wanaume huanza mapema zaidi kwa kuwa wanawake hupoteza chuma wakati wa hedhi.

Ireland inaongoza duniani. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 83 ana nakala mbili za jeni husika, na 1 kati ya 5 ana nakala moja. Si kila mwenye nakala mbili huugua, lakini akijulikana mapema tiba yake ni nyepesi: kutolewa damu mara kwa mara, karibu sawa na mtu anayechangia damu.

Ugonjwa huu hurithiwa kama selimundu, kwa njia ya jeni kutoka kwa baba na kwa mama. Wazazi wawili wanaweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja akibeba nakala moja, na katika kila ujauzito kukawa na uwezekano wa 1 kati ya 4 kwamba mtoto atapata nakala zote mbili.

Madaftari ya karne ya 19 hayalijui jina hilo. Yataandika ini, au kuvimba mwili, au uzee. Pia, kwa daktari, habari za wazazi, ndugu wa tumbo moja, shangazi na wajomba zina uzito kuliko za kilembwe. Kwa hiyo faida ya kiafya ya safari ndefu namna hii mara nyingi haitoki maktaba. Inatoka kwa binamu aliye hai anayesema, katikati ya chai, kwamba yeye na kaka yake wote hutolewa damu hospitali. Mgeni aliyekuja kutafuta marehemu anarudi nyumbani akiwa na kipimo cha kuomba kwa daktari wake.

Waliofichwa mama zao

Wapo ambao hakuna bibi wala binamu wa kuwaambia. Kwa miongo mingi Ireland ilikuwa na nyumba za kuwahifadhi mabinti waliopata mimba nje ya ndoa. Ripoti ya tume iliyotolewa Januari 2021 ilieleza kuwa takriban wanawake 56,000 na watoto 57,000 walipitia taasisi ilizozichunguza, na watoto wapatao 9,000 walikufa. Wengine walipelekwa Marekani kulelewa na familia nyingine.

Philomena Lee alijifungua mtoto wa kiume mwaka 1952 katika nyumba ya aina hiyo mjini Roscrea. Mtoto alichukuliwa akiwa na miaka mitatu, akakulia Marekani kwa jina la Michael Hess na kuwa mwanasheria mashuhuri. Mama alirudi kumuulizia. Mtoto naye alisafiri hadi Ireland kumuulizia mama. Hakuna aliyeambiwa habari za mwenzake. Hess alifariki mwaka 1995 na, kwa ombi lake, akazikwa Roscrea, mahali alipozaliwa. Kaburi ndilo lililomwonyesha mama kwamba mwanawe alikuwa akimtafuta. Mwaka 2013 kisa chao kilitengenezewa filamu.

Sheria mpya ya mwaka 2022 sasa inawapa waliolelewa na familia nyingine haki ya kupata cheti cha kuzaliwa, taarifa za miaka yao ya mwanzo na taarifa za kiafya zilizopo. Maombi yalianza kupokelewa Oktoba mwaka huo, kwa wenye umri wa miaka 16 na kuendelea.

Kogelo na Moneygall

Barack Obama ana pande zote mbili za jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikwenda Kogelo, Kenya, akaketi na bibi na kusimuliwa ukoo wa baba yake, kizazi baada ya kizazi, kwa mdomo. Ameyaeleza hayo katika kitabu chake, Dreams from My Father.

Upande wa mama yake ulihitaji wataalamu. Ni mwaka 2007 ndipo ilipofahamika kwamba Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu aliyeondoka Ireland mwaka 1850, alitoka kijiji kidogo cha Moneygall. Kasisi wa Anglikana wa eneo hilo alipekua madaftari ya zamani ya parokia hadi akaikuta familia. Mei 23, 2011 Obama, akiwa Rais wa Marekani, alifika kijijini hapo na kusalimiana na ndugu wa mbali.

Mlolongo wa Kogelo ulihitaji mzee mmoja na mtu wa kumsikiliza. Wa Moneygall ulichukua zaidi ya miaka 150 kuunganishwa. Tofauti ni kwamba upande mmoja kulikuwa bado na mtu wa kuulizwa.

Mzazi afanye nini sasa

Simu inayosoma makala hii inaweza kurekodi sauti. Wakati wa likizo ijayo, au Jumapili hii kama wazee wapo karibu, kaa na mmoja wao na umuulize haya:

- Majina kamili ya wazazi wake, babu na bibi zake wa pande zote mbili, pamoja na majina ya utani na ya ubatizo.

- Kijiji na kitongoji alikozaliwa, si wilaya tu, na mahali wazazi wake walipozikwa.

- Magonjwa ya ukoo: kisukari, presha, selimundu, saratani, pumu, kifafa, kiharusi. Uliza nani aliugua na alikuwa na umri gani.

- Waliofariki ghafla au wakiwa vijana, na kilichosemwa kuwa ndiyo sababu.

- Ndugu waliohama na hawakurudi, na mahali waliposikika mara ya mwisho.

Andika majibu kwenye daftari moja, weka tarehe na jina la aliyekusimulia, kisha piga picha kurasa na umtumie angalau ndugu mmoja. Daftari moja likiungua au kuloa, nakala ibaki. Ukienda hospitali na mtoto, maelezo ya magonjwa ya familia yaende nawe.

Usilazimishe. Mzee akinyamaza, mwache, rudi siku nyingine. Na swali la watoto waliofariki wakiwa wadogo liulizwe mwishoni, kwa upole, mkiwa wawili. Bibi wengi hawajawahi kuulizwa, na majina hayo bado wanayakumbuka.